Toa Mbili

Kwa miaka thelathini na moja mama huyu alikuwa mhudumu wa maabara katika shule ya sekondari, yaani mtu anayeosha chupa ambazo wengine wamepatia sifa. Kwenye orodha ya wafanyakazi jina lake lilikaa chini ya mlinzi na juu ya mtunza bustani. Alikuwa na ufunguo wa kabati la kemikali, koti jeupe lililomfika magotini, na kiti kisicho na mgongo. Walimu wa sayansi walikuja wakaondoka, tisa kwa hesabu yake, kila mmoja na shahada yake na namna yake ya kuogopa jiko la spiriti. Yeye alibaki.

Kazi yake halisi haikuandikwa popote. Ilikuwa kuhakikisha kwamba sayansi haimwaibishi mwalimu. Mwalimu akisema kimiminika kitageuka bluu, basi kitageuka bluu, hata kama dawa yenyewe ilikwisha nguvu tangu mwalimu huyo anajifunza kusoma. Mama alikuwa na chupa yake ndogo mfukoni, tone moja likidondoka wakati darasa linaandika tarehe, na elimu ikaendelea.

Siku moja walikuja wakaguzi kuona jinsi mmea wa majini unavyotoa oksijeni. Mmea ulikuwa umekufa tangu Jumanne. Mama akaingia chini ya meza na mpira mwembamba, akapuliza polepole, na viputo vikapanda kwenye neli ya kioo kimoja kimoja kwa adabu zote. Mkaguzi akapendezwa. Akaomba kijiti chenye kaa kitiwe humo ndani kiwake, kama kitabu kinavyoahidi. Kijiti kikazima. Mwalimu, bila kupepesa macho, akasema vijiti vya siku hizi vina unyevu sana. Mkaguzi akaandika kwamba mimea ya shule ina afya njema, na kule chini mama akajizuia kukohoa mpaka miguu ikafa ganzi.

Alipostaafu alipewa saa ya ukutani na hotuba. Mkuu wa shule alimsifu kwa dakika kumi na mbili, nne za mwisho akimwita kwa jina la mhudumu aliyemtangulia. Mama aliomba kitu kimoja tu: sanduku la vyombo vilivyoandikwa "vibovu" vikisubiri kutupwa. Wakampa, wakashukuru kupata nafasi. Ndani mlikuwa na neli zilizopasuka midomo, mizani yenye mguu mmoja mfupi, sumaku tatu zilizochoka, na kipimajoto kirefu cha kioo chenye mstari mwekundu. Hicho kipimajoto alikifahamu kama mtu anavyomfahamu shemeji yake. Ukikitia kwenye barafu inayoyeyuka, mahali ambapo kipimajoto chenye akili timamu husoma sifuri, chenyewe kilisoma mbili. Ukikitia kwenye chai, mbili zaidi. Kilizidisha digrii mbili kila mahali, mchana na usiku, bila upendeleo. Kwa hiyo ulisoma namba, ukatoa mbili, ukapata ukweli.

Sanduku lilikaa chini ya kitanda mwaka mzima. Mumewe, dereva wa lori mstaafu, mtu anayeamini kwamba kitu chochote kisichokuwa na magurudumu kinaweza kusubiri, aliligonga kwa kidole cha mguu mara nyingi kiasi cha kulipa jina la matusi. Kisha jioni moja mjukuu wao, binti wa miaka kumi na moja anayeishi nao, alikuwa mezani akichora kipimajoto kwa rula. Bibi yake akamwuliza kama amewahi kukishika. Mjukuu akasema hapana, lakini amekichora mara nne, na mara ya tatu alipata kumi juu ya kumi.

Mama aliinuka. Alienda kulivuta lile sanduku.

Jumamosi iliyofuata mjukuu alikuja na rafiki zake wawili. Jumamosi ya tatu walikuwa tisa na mume akatoa tamko kwamba friza imejaa barafu na samaki wake hawana pa kulala. Ndipo mama akaenda kumwona mkutubi wa maktaba ya mtaa.

Mkutubi alikuwa bwana mwembamba mwenye miwani ya kamba na imani moja: kwamba maktaba nzuri ni ile isiyo na watu. Lakini nyuma ya maktaba kulikuwa na stoo ya viti vilivyovunjika, na mama alimweleza kwamba watoto watakuwa huko nyuma, mlango umefungwa, na kwamba viti atavitengeneza yeye. Mkutubi akakubali kwa sababu ya viti. Baada ya miezi mitatu alikuwa na wasomaji ishirini na watatu wanaoazima vitabu vya umeme na wadudu, na akawa analalamika kwa majirani kwamba rafu zimechafuka. Alilalamika akiwa ametabasamu, jambo ambalo uso wake haukulizoea.

Stoo ile ilikuwa na madirisha mawili, moja likifunguka. Meza ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya mapipa mawili, na tundu la kitasa likatumika kushikia neli wima. Ukutani kulikuwa na makopo ya jamu yenye mbegu, misumari, mchanga wa aina tatu, na mende mmoja mkubwa aliyekaushwa ambaye watoto walimwita Mheshimiwa. Mlangoni palibandikwa masharti: usionje kitu, usipige kelele za kupendeza watu, nywele ndefu zifungwe.

Watu wa kujitolea walikuja kusaidia. Fundi umeme wa mtaa alikuja kila wiki ya kwanza ya mwezi na kuwafundisha watoto kuunganisha betri na taa, na hakuna siku aliyowahi kumaliza bila kusimulia jinsi alivyorushwa na umeme akaangukia kuku. Nesi alikuja na darubini yake kuukuu. Wanachuo nao walikuja, kundi la watu kumi na wanne wenye fulana mpya na bango refu kuliko chumba. Bango lilisema wanawasha taa ya ubunifu kwa kizazi cha kesho. Walipiga picha na watoto, wakapiga picha na mende, mmoja akauliza tundu la kitasa ni la nini, na baada ya dakika arobaini na tano wakaondoka na kizazi cha kesho kikabaki kikifagia.

Na watoto nao walijitolea. Hilo lilikuwa wazo la mama mwenyewe: ukishajua kupima, nenda kampimie mtu. Wakatoka wawili wawili. Walimpimia fundi seremala unyevu wa mbao. Walihesabu magari mbele ya shule ya msingi, wakaandika karatasi, wakaipeleka ofisi ya mtaa, ambako ipo hadi leo, salama kabisa. Na kila Jumamosi walienda dukani kwa muuza maziwa kupima ubaridi wa jokofu lake kubwa lenye mlango wa kioo.

Muuza maziwa alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kanisani na tabia ya kushika kitovu anapoongea mambo mazito. Maziwa yake yalipaswa kukaa kwenye digrii nne au chini yake. Watoto walitia kipimajoto, wakasoma sita, wakatoa mbili, wakaandika nne. Yeye akaibandika karatasi yao kwenye kioo cha jokofu, juu ya bei, na mteja akilalamika jambo lolote alioneshwa karatasi.

"Toa mbili" ikawa kama salamu ya klabu. Watoto walimwita mama huyo Bibi Toa Mbili, kwanza kwa siri, halafu mbele yake. Mtoto mpya akija, wa zamani walimwambia: hapa tunasoma, tunatoa mbili, tunaandika. Kwa nini mbili? Wale wa kwanza walijua kwa nini. Wale wa pili waliambiwa na wa kwanza. Wale wa tatu walijua tu kwamba mtu asiyetoa mbili si mwenzetu.

Kisha mwenye duka la dawa, kwa moyo wake mzuri, akawaletea kipimajoto kipya cha kidijitali, chenye mkia wa chuma na kidirisha cha namba. Watoto walikipokea kama wamepewa ndege. Mama akakiangalia, akasoma karatasi ya maelezo mbele na nyuma, akakiweka mezani kwenye kitambaa. Siku hiyo hiyo kikaenda kwa muuza maziwa, na huko kikasoma nne. Wakatoa mbili. Wakaandika mbili.

Muuza maziwa alifurahi sana. Kumbe jokofu linapooza kuliko lazima, akasema, na umeme wote ule unakwenda bure. Akakizungusha kitufe cha nyuma kidogo kidogo mpaka watoto wakaandika nne, akaridhika. Hilo lilikuwa wiki tisa kabla ya kuja mkaguzi.

Maana mkaguzi alikuwa anakuja. Barua ilifika maktaba ikiwa na muhuri mkubwa kuliko maneno. Ilisema kwamba klabu zote za wanafunzi zinazoendeshwa na watu wa kujitolea zitakaguliwa, na zitakazofaulu zitapewa kibali cha mwaka. Zisizofaulu zitafungwa, na vyumba vyake virudishwe kwenye matumizi ya awali. Matumizi ya awali ya chumba hicho yalikuwa viti vibovu, na mama alikuwa amekwisha kuvitengeneza vyote, kwa hiyo hata viti vibovu ingebidi vitafutwe. Fomu iliyoambatanishwa ilitaka mambo mawili makubwa: uthibitisho kwamba klabu ina manufaa kwa jamii, na msimamizi mwenye shahada.

La shahada mama aliliweka pembeni, kama mtu anavyoweka pembeni jino linalouma. La manufaa akalishika kwa mikono miwili. Watoto wakachora grafu ya jokofu la muuza maziwa, karatasi nne zilizounganishwa, zikafunika ukuta mzima. Wiki ya kwanza mstari ulikuwa chini kwenye mbili, halafu ukapanda na kutulia kwenye nne, wiki baada ya wiki, umenyooka kama umechorwa na mtu asiye na wasiwasi wa maisha. Mkutubi alisimama mbele yake akasema huo ni mstari mzuri kuliko yote aliyowahi kuiona.

Wakati huohuo mtaani watu walikuwa wananung'unika. Maziwa yaliyonunuliwa jioni yalikuwa yanaganda asubuhi. Mume wa mama alimwaga chai mara mbili wiki moja. Muuza maziwa akawalaumu ng'ombe, halafu wateja na masufuria yao, halafu hali ya hewa. Jokofu hakulilaumu. Sayansi imesema nne, aliwaambia, akishika kitovu, na ubishi ukaishia hapo.

Jumamosi ya ukaguzi watoto walifika mapema, nywele zimefungwa, masikio yamesuguliwa. Mkaguzi alitarajiwa saa nne. Saa tatu na dakika ishirini walikuwa wanafanya mazoezi ya kueleza grafu, na aliyekuwa anaeleza ni msichana wa miaka kumi aliyejiunga wiki tatu tu zilizopita. Walimwita Mpelelezi kwa sababu aliuliza mambo ambayo watu wenye heshima huyaacha. Alifika kwenye sehemu ya kutoa mbili, akakitazama kipimajoto kipya.

"Bibi, hiki nacho kinakosea?"

Mtoto mmoja wa zamani, mwenye umri wa miaka kumi na minne na sauti inayopasuka, akamwambia toa mbili ni toa mbili, usitucheleweshe. Mpelelezi akasema sawa, lakini hiki kimetoka dukani juzi, nani alikifundisha kukosea? Wengine wakacheka. Mama hakucheka. Alikuwa anapangusa neli, na mkono wake ulisimama.

Akaomba barafu. Mjukuu akaleta kopo la barafu iliyoanza kuyeyuka, na mama akatumbukiza vipimajoto vyote viwili kwa pamoja, cha zamani na kipya. Wakasubiri. Watoto ishirini na watatu wakainama juu ya kopo moja mpaka vichwa vikagongana. Mstari mwekundu ulishuka ukatulia kwenye mbili. Kidirisha kikahangaika, kikapepesa, kikatulia kwenye sifuri na nukta chache.

Kisha yule wa sauti inayopasuka, akihesabu kwa vidole kama mtoto mdogo, akasema kwamba kama ni hivyo, basi pale ukutani nne siyo nne.

"Ni sita," alisema Mpelelezi. "Wiki zote hizo ni sita."

Mama alikaa kwenye kiti. Mtu aliyetumia miaka thelathini na moja kujua kila chombo kinadanganya kwa kiasi gani alikuwa amepewa chombo kinachosema kweli, na hakukitia kwenye barafu hata mara moja. Alikuwa amesoma karatasi ya maelezo mbele na nyuma. Aliwaachia watoto njia yake ya mkato bila kuwaachia sababu yake, na wao, kwa utii mkubwa, wakamgandishia muuza maziwa maziwa yake.

Mkutubi, aliyekuwa amechungulia aulize kama chaki zinatosha, aliusikia mkasa wote akaingia na kufunga mlango. Akainama karibu na sikio la mama akanong'ona, lakini kunong'ona kwa mkutubi husikika mbali kwa sababu ndiyo lugha yake ya kazi. "Mama, karatasi imekaa vizuri sana. Mkaguzi hana barafu. Mwache aione, apige muhuri, aende zake. Ya maziwa tutayamaliza Jumatatu."

Na mama alijua jinsi ya kufanya. Kusema kweli hapakuwa na mtu yeyote katika mji ule aliyejua vizuri kuliko yeye. Kipya kingeingia kwenye sanduku, cha zamani kingelala kwenye kitambaa, watoto wangetoa mbili mbele ya mkaguzi, na kila kitu kingetoka kama kwenye kitabu. Hata mpira wa kupuliza haungehitajika. Dakika thelathini zilibaki, na yeye aliwahi kuokoa walimu kwa dakika tatu.

Aliitazama grafu. Halafu akawatazama watoto, na akaona kwamba hakuna hata mmoja anayeangalia uso wake kutafuta la kufanya. Walikuwa wamekwishaanza. Mjukuu wake alikuwa anapekua madaftari kutafuta siku kipimajoto kipya kilipoanza kutumika. Yule wa sauti inayopasuka alikuwa anabishana na mwenzake kama wiki ya nne walipima kabla au baada ya kubadilisha betri, kwa sababu wiki hiyo betri ilikuwa inakwisha. Mpelelezi alikuwa juu ya kiti mbele ya ukuta na penseli nyekundu mkononi, akisubiri tu aambiwe aanzie wapi. Walikuwa na furaha ya wazi kabisa, furaha ya watu waliogundua jambo baya wao wenyewe.

Mama akamgeukia mkutubi. "Nimekaa chini ya meza miaka mingi, bwana wangu. Magoti hayataki tena."

Akatuma watoto wawili mbio kwa muuza maziwa, na ujumbe kwamba akizungushe kitufe mpaka mwisho wa ubaridi na asiuze kitu mpaka wampimie upya. Akamwambia Mpelelezi aanzie wiki ya kwanza, aache mstari wa zamani ulivyo, achore wa kweli juu yake.

Mkaguzi alifika saa nne na robo. Alikuwa mtu wa makamo mwenye viatu vya vumbi na ubao wa kuandikia kifuani kama ngao, na uso wa mtu aliyekwisha kunyweshwa soda kumi na tatu mwezi huo. Alikuta mtoto yuko juu ya kiti akichora kwa rangi nyekundu, watoto wengine wakibishana kuhusu betri, na mkutubi amesimama mlangoni na sura ya mtu anayesindikiza jeneza. Akasalimia. Akauliza nani msimamizi. Kabla hajajibiwa, muuza maziwa akaingia nyuma yake, ana karatasi ya klabu mkononi, ameibandua na gundi yake.

Muuza maziwa hakuongea kwa kituo. Alisema yeye ni mtu mzima, ana jina, amegombana na ng'ombe wa watu, amemwambia mama mkwe wake mwenyewe kwamba sufuria yake ni chafu, na sasa vitoto viwili vinakuja kumwambia mbele ya wateja kwamba sayansi imebadilisha mawazo. Alimwambia mama amemharibia. Mama akamwacha amalize, kwa sababu alikuwa na haki, na kwa sababu hakuwa anapumzika mahali pa kumkatiza.

Kisha akasimama mbele ya wote wawili, mkaguzi na muuza maziwa, akaeleza. Alieleza kipimajoto cha zamani, kile kipya, na barafu. Hakuwataja watoto. Alisema kosa ni lake: aliwafundisha kutoa mbili na hakuwafundisha kuuliza kwa nini.

"Kwa hiyo ng'ombe hawana kosa?" akauliza muuza maziwa, sauti imeshuka.

"Ng'ombe hawana," alisema Mpelelezi kutoka juu ya kiti. "Kuna wewe kidogo, uliyezungusha kitufe. Lakini ulizungusha kwa sababu yetu."

Muuza maziwa alishika kitovu akafikiri. Aliuliza kama hilo la "kwa sababu yetu" wanaweza kuliandika kwenye karatasi mpya, kubwa, aibandike aoneshe mama mkwe. Wakamwahidi. Akavuta kiti kimojawapo kilichotengenezwa, akakaa, akawa sehemu ya mkutano.

Mkaguzi aliuweka ubao wake mezani. Alikwenda ukutani akautazama mstari wa bluu ulionyooka na ule mwekundu uliopanda juu yake, wenye alama ya kuuliza kwenye wiki ya nne. Akauliza alama hiyo ni ya nini. Watoto sita wakamjibu kwa pamoja: hawajui kama walipima kabla au baada ya kubadilisha betri, daftari halisemi, na hawawezi kubahatisha. Akaomba aoneshwe barafu. Akaoneshwa. Akaomba atie kipimajoto mwenyewe, akatia, akasubiri mdomo wazi kama wote wanaosubiri.

Kisha akarudi kwenye fomu, na hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu. Aliisoma juu hadi chini. Fomu ilikuwa na nafasi ya mafanikio, nafasi ya changamoto zinazosababishwa na ukosefu wa fedha, nafasi ya picha. Nafasi ya kosa lililoonekana na kusahihishwa haikuwepo. Alisema, kwa sauti ya mtu anayeungama, kwamba hiyo ni klabu ya kumi na nne mwezi huo, na kote alikopita hesabu zilikuwa safi mno. Kwenye moja watoto walikuwa wameandika urefu wa mche wa maharage kila siku kwa mwezi mzima, na mche uliendelea kurefuka wiki mbili baada ya kuliwa na mbuzi.

Kwenye "Manufaa kwa jamii" akaandika neno moja: maziwa. Akalitazama, akaona linatosha.

"Sasa, mama, la mwisho. Una shahada?"

"Sina. Nina miaka thelathini na moja ya kuosha vyombo vya wenye shahada."

Mkaguzi alicheka kwa pua, lakini kalamu haikushuka. Fomu ni fomu, alisema, na juu yake kuna watu ambao hawajawahi kuona barafu ikipimwa. Bila jina lenye shahada kibali hakitoki, hata kama yeye angetaka. Mjukuu akafunga daftari polepole. Muuza maziwa, ambaye dakika kumi zilizopita alikuwa anataka klabu ifungwe kwa misumari, akamwambia mkaguzi kwamba hiyo si haki, na akataka kujua nani ameitunga fomu hiyo na kama anakunywa maziwa.

Ndipo mkutubi akakohoa pale mlangoni. Alisema, akiangalia miguu yake, kwamba yeye ana shahada. Ya ukutubi. Alipata daraja la pili la chini, na kuna sababu, lakini ni hadithi ndefu.

Mkaguzi akaisoma fomu tena, safari hii akifuatisha kwa kidole. "Imeandikwa shahada," alisema. "Haikuuliza ya nini."

Hivyo ndivyo mkutubi, mtu anayeogopa hata kiberiti, alivyokuwa Msimamizi Mkuu wa Sayansi wa mtaa mzima, kwa kibali cha mwaka mmoja chenye muhuri mkubwa. Akatia sahihi. Watoto wakampigia makofi, na kwa mara ya kwanza tangu maktaba ifunguliwe hakumwambia mtu anyamaze.

Jumamosi iliyofuata klabu ilifungua kwa kanuni mpya. Kabla ya kazi yoyote kila kipimajoto kinaingia kwenye barafu, namba inaandikwa kwenye kikaratasi kinachofungwa kwa uzi kwenye shingo ya kipimajoto chenyewe, na msimamizi anatia sahihi kwenye daftari. Watoto walilalamika kwamba inachelewesha. Mama akawaambia wiki tisa ndizo zilizochelewesha.

Mkutubi akaletewa daftari. Akatoa kalamu, akafungua kifuniko, akasaini kwa mbwembwe, kama anavyosaini risiti za magazeti, bila kuinua macho. Mama akalivuta daftari akafuta sahihi kwa mstari mmoja.

"Soma kwanza, bwana msimamizi. Halafu ndiyo utie sahihi."

Mkutubi akainama juu ya kopo la barafu lenye kipimajoto kipya, miwani ikajaa ukungu, akaivua, akaipangusa kwa ncha ya shati, akaivaa. Alisoma muda mrefu. Akasema ni sifuri nukta tatu, kama si nukta nne, ngoja itulie. Mpelelezi alisubiri pembeni na penseli, na ilipotulia akaandika sifuri nukta tatu.